F Kamili Katika Somo la Kwanza

Katika somo la gitaa kwa wanaoanza lililotolewa jijini Mwanza, ambalo wapenzi wa gitaa kavu, yaani galatoni kama wazee wa muziki walivyozoea kuliita, wamekwisha kulitazama, mambo yalikwenda mrama kwa uamuzi mmoja tu. Mwalimu alipomaliza kufundisha C na G, alimtaka mwanafunzi alaze kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita, kwenye freti ya kwanza, na kukaba F kamili. Mengine yalikuwa sawa: nyuzi zilisawazishwa kwanza, vidole vikapewa namba, na mkono wa kushoto ukaonyeshwa kwa karibu.

Kodi ni sauti tatu au zaidi zinazolia pamoja, nayo F kamili hutaka kidole kimoja kifanye kazi ya nyuzi sita huku vidole vitatu vilivyobaki vikikaba freti ya pili na ya tatu. Ugumu wake hauko katika umbo, bali mahali linapokabiwa. Freti ya kwanza iko jirani kabisa na kile kipande cha mfupa au plastiki ambacho nyuzi hupitia zikielekea kwenye vifunguo vya kukazia, na kwa kuwa uzi umeshikiliwa juu hapo karibu, haupindiki kwa urahisi kama unavyopindika katikati ya shingo. Kidole kinacholazwa nacho si bapa, kwa maana kina mikunjo kwenye viungo, na uzi ukiangukia kwenye mkunjo hutoa mlio mfu hata mwanafunzi akikaza hadi dole gumba liume. Tena, katika magitaa mengi ya bei nafuu kile kipande huachwa kirefu kupita kiasi, kwa hiyo uzi unaposhindiliwa kwenye freti ya kwanza huvutika na sauti yake ikapanda juu ya ile iliyokusudiwa. Mwanafunzi aliyejitahidi na kufaulu kukaba nyuzi zote sita husikia F iliyopotoka, akadhani sikio lake ndilo bovu. Kosa hili mwalimu hakulitaja, wala hakuligusa gitaa la mwanafunzi kulikagua.

Kilichofanya uamuzi huo usisameheke ni kwamba F nyingine, iliyo rahisi, ilikuwa tayari mkononi mwa mwanafunzi. Anayekaba C huwa na kidole cha shahada kwenye uzi wa pili freti ya kwanza, cha kati kwenye uzi wa nne freti ya pili, na cha pete kwenye uzi wa tano freti ya tatu, uzi wa kwanza ukiwa ule mwembamba kuliko yote. Kidole cha kati na cha pete vikisogea uzi mmoja kuelekea nyuzi nyembamba, bila kubadili freti, na kidole cha shahada kikilala kidogo tu ili kishike pia uzi wa kwanza, hapo F ndogo ya nyuzi nne imepatikana. Vidole hivyo viwili vikisogea uzi mmoja kuelekea nyuzi nene kutoka palepale penye C, na kidole cha shahada kikahamia uzi wa kwanza, hupatikana G yenye sauti ya saba, ambayo huvuta sikio lirudi C. Kodi tatu zinazobeba sehemu kubwa ya nyimbo za dansi zinakaa ndani ya freti tatu, na mkono hauhami.

Ukanda huu wa ziwa ulikuwa na sababu za ziada za kujua kwamba si lazima nyuzi zote sita zikabwe. Nyatiti ya Wajaluo, yenye nyuzi nane, na enanga ya Wahaya upande wa magharibi wa ziwa, hupigwa nyuzi zikiwa huru, bila kukabwa kwenye shingo. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa Shirati mkoani Mara mwaka 1940 na kujenga jina lake ng'ambo, nchini Kenya, akiwa na Shirati Jazz hadi alipofariki mwaka 2006, alikuwa miongoni mwa waliohamishia mdundo wa namna hiyo kwenye gitaa la benga, ambamo kila uzi husikika peke yake badala ya nyuzi sita kukwanguliwa kwa pamoja. Kabla yake Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, alijenga muziki mzima kwa dole gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Ni vigumu kumwona yeyote kati ya hao wawili akimwanzisha mtoto kwa F ya nyuzi sita.

Safu hii imekwisha kulalamika, na itaendelea kulalamika, kwamba kinanda kimelifukuza gitaa la rithimu katika bendi nyingi, na kwamba kila kijana anayeshika gitaa anataka kupiga solo kama Mbaraka Mwinshehe bila kuwasikiliza waliokuwa wakimshikia kodi nyuma yake. Somo la namna hii linaongeza tatizo, kwa kuwa anayeshindwa F huacha kodi zote na kukimbilia uzi mmoja mmoja.

F kamili ina nafasi yake, ila haianzii freti ya kwanza. Umbo lilelile likikabwa kwenye freti ya tano, ambako uzi hupindika kirahisi na freti zimekaribiana, hutoa A, na likishushwa hadi freti ya tatu hutoa G ambayo mwanafunzi ameshaizoea masikioni, kiasi cha kuweza kutambua mwenyewe uzi usiolia. Freti ya pili hufuata, na ya kwanza huachwa mwisho, baada ya fundi kukipunguza kile kipande cha mfupa.