Luwombo ya mgahawa: jani limefaulu, saa imefeli

Mgahawa unaoamua kuuza luwombo, kitoweo kinachoivishwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba, unajitafutia mtihani ambao jiko la nyumbani halina. Nyumbani chakula huiva mara moja, hupakuliwa mara moja, na walaji wote wako mkekani. Mgahawani mteja wa kwanza anaingia saa sita mchana, wa mwisho saa tisa na nusu, na kila mmoja anataka kifurushi chake kifike mezani kikiwa cha moto na chenye mchuzi wake wote. Huu uliofunguliwa karibuni huku kwetu Makindye, Kampala, nilikwenda kuupima nikiwa na mtu asiyedanganyika kwenye mambo ya ndizi: mama yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Bukoba.

Wahaya na Waganda wanalima ndizi za ukoo mmoja, ila jikoni kila mmoja ana njia yake. Kwetu Bukoba ebitooke humenywa vikachemshwa vizima kwenye maji, sufuria moja na maharage, nyama au samaki. Buganda humenywa, hufungwa kwenye majani ya mgomba, huivishwa kwa mvuke, kisha hukandwa zikiwa ndani ya majani yaleyale na kurudishwa motoni. Mama alipoiona sahani ya matooke, ndizi hizo za kukandwa, ya njano na laini, aliniangalia.

“Mwanangu, hizi wamempikia mgonjwa?”

“Onja kwanza, mama.”

Alionja, akanyamaza, akaongeza tonge. Baadaye akaomba kumsalimia mpishi. Umri wake ulitufungulia mlango wa nyuma: mpishi alipiga magoti kumwamkia, wakaelewana nusu Kihaya nusu Kiganda, nasi tukakaribishwa kuangalia vifurushi vya jioni vikiandaliwa.

Tuanze na jani, maana hapo ndipo ilipofanyika kazi ya kusifiwa. Jani la luwombo huchaguliwa changa na pana, ambalo upepo haujalichana. Uti wake huchongwa kwa kisu upande wa nyuma mpaka ulingane na jani, bila kulitoboa. Kisha hubabuliwa: hupitishwa taratibu juu ya makaa, na unaiona rangi ikihama, kijani kilichofifia kikigeuka kijani cha kung'aa kadiri nta ya juu ya jani inavyoyeyuka. Jani bichi hupasuka likikunjwa. Lililobabuliwa hukunjika kama kitambaa, tena hubeba harufu ya moshi ambayo baadaye itaingia kwenye mchuzi.

Mpishi alilitandika ndani ya bakuli, akaongeza kipande kidogo katikati, mistari yake ikikatana na ya lile kubwa, ili ufa ukitokea chini mchuzi usivuje. Akaweka paja la kuku lililokwisha kubanikwa, akamimina karanga za kusaga zilizokorogwa na maji, akatupia uyoga, akakusanya kingo zote juu na kuzifunga kwa kamba ya ganda kavu la mgomba. Bakuli likaondolewa, kifurushi kikasimama chenyewe.

Kila hatua hapo ina sababu. Kuku hubanikwa kwanza kwa kuwa mvuke haumpi rangi wala ladha ya kuchoma. Usipoipata kabla ya kufunga, huipati tena. Karanga nazo ni kitoweo chenye hila. Kwenye sufuria ya kawaida hushika chini na kuungua mkono ukiacha kukoroga. Ndani ya jani hakuna mahali zinapogusa chuma. Kampala iko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji huku huchemka karibu nyuzi 96 za Selsiasi, si 100. Mvuke wa sufuria iliyofunikwa kwa majani hauvuki sana hapo, kwa hiyo karanga haziwezi kuungua hata zikikaa saa tatu. Nyama ya ng'ombe inapata muda inaouhitaji: nyuzi ngumu za kolajeni hulegea polepole na kugeuka jelatini, ile inayoufanya mchuzi ushike midomo. Na kwa sababu hakuna maji yanayotoka, kila kilichovuja kwenye nyama kinabaki kwenye jani.

Simulizi inayorudiwa Buganda humpa sifa ya pishi hili mpishi wa Kabaka Mwanga wa Pili, mwaka 1887. Ni rahisi kuona kwa nini lilifaa ikulu: kila mlaji anapata fungu lake, limefungwa tangu jikoni, na fundo likifika mezani halijaguswa kila mtu analiona. Sifa hiyohiyo inaifaa biashara ya leo. Kwenye migahawa mingi ya Kampala kinacholipiwa ni kitoweo. Matooke, wali, posho, viazi na boga hufuatana nacho. Jani linampa mwenye mgahawa kipimo kilekile kwa kila mteja, bila mabishano ya mwiko.

Kasoro zinaanza pale saa inapoingia. Mama aliagiza sato. Alipofungua jani, nyama ilikuwa imesambaratika na miiba imetawanyika kwenye mchuzi. Sababu tuliikuta jikoni: vifurushi vya mchana vya ng'ombe, kuku na samaki huingia sufuriani kwa pamoja alfajiri. Sato hana kolajeni ya kusubiriwa. Nusu saa hivi inamtosha, na nafasi yake ni juu ya vifurushi vingine, awekwe wakati wateja wanaanza kuingia. Mpishi akitaka samaki wa kuvumilia saa nyingi, atumie wa kukaushwa kwa moshi ndani ya karanga. Huyo hasambaratiki, na ladha yake huongezeka.

Kasoro ya pili ni ya matooke. Awamu ya kwanza, tuliyoila, ilifunikwa kwa majani tabaka juu ya tabaka. Ya pili, iliyokuwa ikingojea wateja wa alasiri, ilikuwa imefunikwa kwa nailoni, kaveera kama wanavyoiita hapa, ambayo Uganda iliipiga marufuku kisheria mwaka 2009 na bado imejaa majikoni. Nailoni inatunza joto, hilo ni kweli, na joto ni muhimu: wanga wa ndizi ukipoa hujikaza, matooke yakawa magumu yasiyomezeka. Lakini majani hupitisha mvuke wa ziada kwenye mikunjo yake. Nailoni inaurudisha chini ukiwa matone, na matooke yanalowa upande wa juu. Mama aliinama, akanusa, akasema neno moja: “Plastiki.” Mpishi akacheka kwa aibu.

Sidhani ni uzembe. Kuweka sufuria ya pili kwenye mvuke mchana kutwa kunakula mkaa, na mkaa Kampala si bidhaa ya kuchezea, hasa tangu Mei 2023, Rais Museveni alipopiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini mwa nchi. Nailoni inaonekana kupunguza gharama. Hata hivyo, ipo njia ya bei ndogo zaidi: matooke yaliyokandwa hayahitaji moto mkali, yanahitaji makaa machache ndani ya sigiri na majani mengi juu. Hata vile vijiti vya uti vinavyokatwa kwenye majani havitupwi. Hupangwa chini ya sufuria ili furushi lisiguse maji. Majani yenyewe yanapatikana masokoni, na jiko hili linayanunua kila siku kwa ajili ya luwombo. Kuongeza fungu moja si gharama ya kumfilisi mtu.

Hukumu yangu, basi. Luwombo ya kuku na ya ng'ombe hapa imepikwa na mtu anayeijua kazi, na inastahili safari hata kwa wanaokaa nje ya Makindye. Ukienda, fika kabla ya saa nane, uyapate matooke ya awamu ya kwanza. Samaki mwache mpaka watakapomtenga na ng'ombe. Mwenye mgahawa hahitaji mpishi mwingine wala jiko jipya; anahitaji ratiba ya sufuria ibandikwe ukutani, ikionyesha nini kinaingia saa ngapi. Mama amekwisha kumwambia hivyo kwa Kihaya, na nadhani ujumbe ulifika.