Esther Goddard na Ufundi wa Kushuhudia

Machi 16, 1926, katika shamba lililotandwa theluji huko Auburn, Massachusetts, Marekani, roketi ya kwanza duniani kuendeshwa kwa mafuta ya kimiminika iliruka mbele ya watu wanne. Robert Goddard, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Clark, ndiye aliyeibuni. Henry Sachs, fundi mitambo, ndiye aliyeiwasha. Percy Roope, mwalimu mwenzake wa fizikia, alikuja kusaidia. Wa nne alikuwa Esther, mke wa Goddard, na kazi yake ilikuwa kamera. Insha hii ni ya kumsifu yeye na ufundi wake, kwa kuwa naamini kwamba jaribio lisilo na shahidi mwaminifu ni nusu ya jaribio.

Picha aliyoipiga siku hiyo kabla ya roketi kuwashwa imeenea duniani kote. Goddard amesimama katika koti zito, ameishika fremu iliyoibeba roketi, na chini yake ni theluji tupu. Mtazamaji mwenye haraka ataona mabomba tu. Anayetulia ataanza kuyasoma: injini iko juu, matangi ya petroli na oksijeni ya kimiminika yako chini, na mabomba membamba yanaviunganisha. Goddard alidhani kwamba injini ikikaa juu na kukivuta chombo, kitapanda wima bila kuyumba. Baadaye aligundua kuwa hilo halisaidii, akaishusha injini mkiani, mahali ilipo katika roketi za leo. Dhana aliyoiacha haihitaji msimulizi. Ipo pichani, na mwanafunzi yeyote anaweza kuiona.

Mruko wenyewe hauna picha. Kamera ya sinema aliyokuwa nayo Esther ilikuwa ya Kifaransa, aina ya Sept, yenye kuendeshwa kwa springi, na springi hiyo ilizungusha filamu kwa sekunde 7 tu. Roketi ilipowashwa haikuondoka mara moja. Ilinguruma palepale ikiunguza mafuta, hadi ilipopungua uzito kiasi cha kujiinua. Ilipoanza kupanda, springi ilikuwa imekwisha. Chombo kikakaa angani sekunde 2.5, kikafika mita 12 na nusu hivi kwenda juu, kikaanguka umbali wa mita 56. Hayo tunayajua kwa sababu Goddard aliyaandika katika shajara yake.

Nalitaja pengo hilo kwa heshima.  Mahali ambapo picha ya mruko wa kwanza ingekaa pameachwa wazi, na maneno ya shajara yakabeba mzigo uliobaki. Ufundi wa kushuhudia unaanzia hapo: kuonyesha kilichonaswa na kukiri kisichonaswa.

Ugumu wa kazi hii haupimiki kwa kutazama picha zilizokwisha safishwa. Mpiga picha wa harusi anajua bibi harusi ataingia kwa mlango upi. Aliyesimama mbele ya roketi ya miaka ile hakujua kama chombo kitapanda baada ya sekunde moja au ishirini, wala kama kitapanda au kitalipuka. Mwali wa moto unang'aa kupita kiasi: ukipima mwanga kwa ajili ya moto, chombo kinazama gizani; ukipima kwa ajili ya chombo, moto unageuka doa jeupe lisilo na umbo. Ukisogea karibu unahatarisha maisha. Ukirudi nyuma, roketi inakuwa kijiti kwenye upeo wa macho. Na hakuna kuambiwa "rudia." Kilichojengwa kwa miezi kinakwisha kwa sekunde chache, na mkono uliotetemeka hauna nafasi ya pili.

Julai 17, 1929, roketi nyingine ya Goddard ilinguruma kiasi kwamba majirani walidhani ndege imeanguka, na mamlaka ya zimamoto ya jimbo ikampiga marufuku kuendelea kurusha huko. Mwaka 1930, kwa fedha za familia ya Guggenheim zilizopatikana kwa msaada wa rubani Charles Lindbergh, akina Goddard walihamia Roswell, New Mexico, kwenye nyika kavu yenye anga pana. Huko Esther akawa mpiga picha rasmi wa majaribio. Alishona pia miavuli ya kuishusha roketi, akachapa ripoti, na moto ulioanzishwa na roketi ulipowaka nyikani, alikuwa miongoni mwa waliouzima.

Picha za Roswell zina subira ya pekee. Utaiona roketi ikivutwa juu ya trela kuelekea mnara wa kurushia, mafundi wakiwa karakanani na chombo kisichovikwa ganda, matangi na mabomba yakiwa wazi. Zipange kwa tarehe pamoja na ile ya Auburn na utamwona Goddard akifikiri: injini imeshuka chini, mapezi yameongezwa, kisha vimekuja vibao vya usukani vinavyoingia katika mkondo wa moto vikiongozwa na jairoskopu, kifaa kinachotunza mwelekeo. Goddard alikuwa msiri. Gazeti la New York Times lilikuwa limemdhihaki mwaka 1920, na tangu hapo hakupenda kujitangaza. Kwa mtu wa namna hiyo, picha zenye tarehe zilikuwa sauti aliyoikataa mbele za watu. Ripoti yake iliyotolewa na Taasisi ya Smithsonian mwaka 1936 ilikuja na picha zake.

Ninachokienzi zaidi ni kwamba kamera ya Roswell haikuwa na upendeleo. Septemba 1935 Lindbergh na Harry Guggenheim walikuja kujionea kazi waliyoipigania. Roketi zilizoandaliwa kwa ajili yao hazikufua dafu. Hata hivyo picha za ziara hiyo zipo. Wageni na mafundi wamesimama pamoja, na Lindbergh mwenyewe alipanda mnarani akaipiga roketi picha kutoka juu. Mtu mwenye aibu angeificha kamera siku kama hiyo. Mwanasayansi anaihitaji zaidi, maana roketi iliyopaa humwambia kwamba imepaa, lakini iliyoshindwa humwonyesha afanye nini kesho.

Wengine waliipandisha kamera yenyewe. Alfred Maul, mhandisi wa Ujerumani, alirusha kamera kwa roketi za baruti mwanzoni mwa karne ya 20 ili kupiga picha za ardhi kutoka juu. Roketi ya Goddard ya Julai 1929 ilibeba baromita, kipimajoto na kamera ndogo ya kuvisoma. Oktoba 24, 1946, kutoka White Sands, New Mexico, roketi ya V-2 iliyotekwa kutoka Ujerumani ilipanda hadi kilomita 105 ikiwa na kamera ya sinema iliyopiga picha moja kila sekunde moja na nusu. Kamera ilisagika ilipoanguka, lakini filamu ilikuwa ndani ya kasha la chuma. Ilipookotwa na kusafishwa, binadamu wakaiona Dunia kutoka anga za juu kwa mara ya kwanza.

Goddard alifariki Agosti 10, 1945, kabla ya kuona picha hiyo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na Esther hakukubali ipotee. Kati ya hataza 214 za mumewe, 131 zilipatikana baada ya kifo chake, kwa juhudi za mjane huyu. Mwaka 1960 serikali ya Marekani ililipa dola milioni 1 kwa matumizi ya uvumbuzi huo. Mwaka 1970, yeye na mhariri mwenzake G. Edward Pendray walitoa majuzuu matatu ya maandishi ya Goddard. Jicho lililolinda jaribio uwanjani ndilo lililolilinda katika kumbukumbu.

Basi wewe unayejaribu jambo jipya, iwe pampu ya maji, jiko la mkaa au mtambo wa umeme wa jua, mpe mtu mmoja kamera na umwachie kazi hiyo tu. Apige kabla ya kuwasha, apige kinapowaka, apige kikiwa vipande. Aandike tarehe, mahali na kilichobadilishwa. Picha za kushindwa zisifutwe kwenye simu ili kupata nafasi. Atakayekuja kuikamilisha kazi yako atazihitaji hizo kabla ya nyingine zote.