Somo la Wote, Mwenyewe Hayupo

Mtaala nao ni maandishi. Una mwandishi, ingawa aghalabu mwandishi huyo ni kamati. Una msomaji unayemkusudia. Tena una lugha, na lugha hiyo hufichua mambo ambayo waliouandika hawakutaka yajulikane. Kwa hiyo sioni ajabu kuuhakiki kama tuhakikivyo riwaya au diwani. Ninaotaka kuuzungumzia hapa ni ule wa masomo ya lazima kwa wanafunzi wote wa chuo kikuu, yaani yale ambayo mwanafunzi wa sheria, wa uhandisi na wa kilimo huketi pamoja kuyasikiliza, kila mmoja akiliwazia somo lake halisi.

Nilikaa miezi kadhaa katika kamati iliyopewa kazi ya kuyapitia upya masomo hayo kwenye chuo kimoja, ambacho kukitaja hakutamsaidia msomaji. Waraka tulioukuta ulikuwa na masomo matatu: Taaluma za Maendeleo, Stadi za Mawasiliano, na utangulizi wa kompyuta. Kila somo lilikuwa na malengo, na kila lengo lilianza na kitenzi. Nilivihesabu vitenzi hivyo kwa penseli. Kufahamu, kutambua, kuelewa, kuthamini: ndivyo vilivyorudi ukurasa baada ya ukurasa. Hapakuwa na kuandika, wala kupima, wala kubisha. Mwanafunzi wa waraka ule ni mtungi unaojazwa maji. Hakuna mahali anapotakiwa kusimama na kusema kwamba takwimu hii haiwezi kuwa kweli, au kwamba hoja ile imeruka hatua. Na kwa kuwa kuthamini hakusahihishiki, mtihani uliishia kuwa wa kuchagua herufi. Wanafunzi walikuwa mamia, wasahihishaji wawili, na herufi ndiyo pekee iwezayo kusahihishwa kwa kasi hiyo.

Somo la maendeleo halikuzaliwa hivyo. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na zaidi ya 300 wakarudishwa makwao. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na mwezi uliofuata ukaitishwa mkutano wa kujadili nafasi ya chuo katika nchi ya kijamaa. Swali lilikuwa zito: je, chuo kilichoanza mwaka 1961 kama tawi la elimu ya London kinamwandaa msomi kwa ajili ya nani? Masomo ya pamoja yaliyoanzishwa baada ya hapo yalikuwa jaribio la kulijibu. Yalizua ugomvi mkubwa. Wapo walioyaita kasumba, wapo walioyaona mepesi mno kwa mwanamapinduzi wa kweli. Walter Rodney alikuwa akifundisha historia pale pale, na kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kikatoka mwaka 1972. Mwaka 1973 ikaundwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo. Mtu anaweza kuzikataa siasa za miaka ile, nami sizikubali zote, lakini hawezi kusema kwamba watu wale hawakujua kwa nini somo lao ni la lazima. Waraka wetu ulirithi ulazima, sababu ukaiacha njiani.

Kuna jambo ambalo hata wale wa mwanzo walilipita, nalo ndilo linalonikera zaidi. Somo lililokusudiwa kumrudisha msomi kwa watu wake lilifundishwa kwa Kiingereza. Wakati huo huo Siasa katika shule za sekondari ilifundishwa kwa Kiswahili, na wanafunzi waliibishania hadi nje ya darasa. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kifundishie sekondari na hatimaye vyuo vikuu, halikutekelezwa. Katika miaka ya 1990 Siasa iliondoka, likaingia somo la uraia, nalo kwa Kiingereza. Sera ya Elimu ya 2014 ilitamka Kiswahili kwa ngazi zote, na kumbi za mihadhara zikaendelea kama zilivyokuwa. Sidai kwamba uhandisi wote ugeuzwe lugha kesho asubuhi. Nasema tu kwamba ikiwa lipo somo moja lisilo na kisingizio cha istilahi, ni hili. Maji ya kijiji, kodi ya soko, mgogoro wa mkulima na mfugaji: hayo yote yana maneno tayari, na wenye maneno hayo wako nje ya geti la chuo.

Nilipolisema hili kwenye kikao, lilisikilizwa kwa heshima, kisha tukarudi kwenye saa. Saa ndizo zilizotuchukulia siku nyingi kuliko chochote. Shahada ya miaka mitatu kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ina krediti 360, kila krediti ikihesabiwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Kila krediti ipewayo somo la wote imetolewa kwenye kapu la idara fulani, na idara hazitoi kwa moyo mweupe. Kapu lao wanalililia, bali hakuna aliyetaka kulifundisha somo lenyewe. Aliyepangiwa ni mhadhiri msaidizi aliyeajiriwa mwaka ule ule.

Wenzetu wenye fedha hawajaepuka mtego huu, ila wao wameangukia upande wa pili. Harvard ilitoa mwaka 1945 kitabu kinene juu ya elimu ya jumla katika jamii huru, na tangu hapo imeubadili mpango wake mara kadhaa. Ule uliotangulia huu wa sasa ulikosolewa vikali na kamati ya chuo chenyewe mwaka 2015, kwa kuwa ulikuwa umemeza kozi nyingi za idara hata kusudi lake halionekani tena. Mwaka 2019 ukaja mwingine: kozi nne za jumla zenye maeneo yaliyotajwa, na kando yake nyingine za kugawanya mwanafunzi baina ya fani. Kule kila idara ilitaka kuingia. Kwetu kila idara ilitaka kutoka.

Nilipendekeza mambo matatu. Kila lengo liandikwe kwa kitenzi ambacho mtu anaweza kukionyesha. Kila idara itoe mhadhiri wake mwandamizi muhula mmoja kwa zamu, asome insha za wanafunzi ishirini na kuzirudisha na maelezo. Na semina za Taaluma za Maendeleo, kama si mihadhara yake, ziendeshwe kwa Kiswahili. La kwanza lilipita bila neno. La pili lilipita kwa sharti la fedha, na msomaji aliyewahi kufanya kazi chuoni anajua maana ya sharti hilo. La tatu lilirudishwa kwa mashauriano zaidi, na hadi naandika haya sijaitwa kushauriana.

Waraka mpya umeshachapwa. Kubisha kumo, ukurasa wa nne, kwa Kiingereza.