Kosa la Rambo Lilikuwa Kutembea

Kabla ya Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, ungeweza kuingia duka lolote Tanzania, ukanunua nusu kilo ya sukari na nyanya za mia tano, kisha ukasema, "Naomba na rambo." Muuzaji hakuuliza unamaanisha nini. Rambo ulikuwa mfuko. Ni mhusika gani mwingine wa sinema aliyezama katika Kiswahili kiasi hicho, hadi akavuliwa herufi kubwa ya jina lake? James Bond hakufika huko. Hata Willy Gamba wetu, pamoja na sifa zote alizopewa na Elvis Musiba, hakuwahi kubebewa dagaa.

Umaarufu wa namna hiyo una gharama yake. Mtu akishakuwa mfuko, hakuna anayekumbuka kuuliza alikuwa nani kabla ya hapo.

Wengi tunapomtaja Rambo tunaona kifua wazi, kitambaa chekundu kichwani, bunduki nzito mkononi na kambi nzima ya maadui inayoteketea. Huyo ni Rambo wa filamu ya pili, ya mwaka 1985. Yule wa kwanza, wa First Blood iliyotoka Oktoba 1982 ikiongozwa na Ted Kotcheff, ni mtu mwingine. Katika filamu ile tunaona kifo cha mtu mmoja tu, askari polisi anayeanguka kutoka kwenye helikopta. Hakuna kambi ya maadui. Adui ni mji mdogo wa Marekani wenye mkuu wa polisi anayesalimiana na kila mtu barabarani. Na mwishoni staringi analia.

Mimi nilimwona Mkula, katika wilaya ambayo leo inaitwa Busega. Siku hizo tulikuwa bado Magu, na watu wa mkoa wa Mwanza. Simiyu ilizaliwa 2012. Banda la video lilikuwa la mabati na turubai, mabenchi ya mbao, na jenereta lililonguruma kuliko bunduki za kwenye picha. Diski moja ya kunakiliwa ilibeba Rambo zote tatu, na mwenye banda alikuwa na utaratibu wake: anaanza na ya pili, inafuata ya tatu, ya kwanza inawekwa petroli ikibaki. "Hiyo haina vita," alisema. Alijua soko lake.

Tulikuwa pia na mtafsiri. Sauti ya Lufufu ilikuwa imeshasambaa nchi nzima kwenye kanda na diski za picha zilizotafsiriwa, na vijana wengi walijaribu kumwiga. Wa kwetu alisimama kando ya televisheni na kipaza sauti, akichanganya Kiswahili na Kisukuma, akiwapa polisi wa Marekani majina ya watu tuliowafahamu sokoni. Alikuwa na kipaji kikubwa, na nayasema haya nikijua ninachokwenda kusema. Ilipofika sehemu ya mwisho, Rambo amejiinamia mbele ya Kanali Trautman, analia na kuongea kwa muda mrefu, miguno ikaanza bandani. Staringi hafi, na staringi halii. Mtafsiri akaona hatari ya kupoteza watazamaji, akapaza sauti: "Anasema atawarudia wote, mmoja mmoja!" Watu wakapiga makofi.

Anachosema hasa ni hiki. Kule vitani aliaminiwa kurusha helikopta na kushika mitambo ya mamilioni ya dola. Nyumbani hakuna anayemwajiri hata kazi ya kuegesha magari ya watu. Anasimulia mtoto aliyekuja na sanduku la kung'arisha viatu huko Saigon, sanduku likiwa na bomu, na rafiki yake aliyeraruka mikononi mwake huku akiomba arudishwe nyumbani. Hakuna neno la kisasi humo ndani. Ni mtu anayetoa hesabu ya vitu alivyopewa na vitu alivyonyang'anywa.

Sasa rudi mwanzo wa filamu, maana huko ndiko hoja yake iliko. Rambo anakuja kwa miguu, begi begani, kumtafuta mwenzake wa kikosi. Anaambiwa amekwishakufa kwa saratani, matokeo ya sumu ambayo jeshi lao lenyewe lilikuwa likiimwaga juu ya misitu ya Vietnam. Anaendelea na safari. Mkuu wa polisi anamwona, hapendi nywele zake wala koti lake, anampakia kwenye gari na kumtoa nje ya mji. Rambo anauliza wapi atapata chakula. Anajibiwa kwamba kuna mgahawa maili thelathini mbele. Anashushwa darajani, anageuka, anaanza kurudi mjini. Kwa hatua hizo chache anakamatwa. Mashtaka, ukiondoa kisu alichokutwa nacho na ubishi wake, ni uzururaji.

Neno hilo msomaji wa Kitanzania hahitaji kutafsiriwa. Uzururaji ulikuwemo katika Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwa Mwingereza. Na mwaka 1983, miezi michache tu baada ya First Blood kutoka, Bunge letu lilipitisha Sheria ya Nguvu Kazi, kisha Dar es Salaam wakaanza kukamatwa mitaani watu wasioweza kuonyesha kwamba wana kazi, wakapakiwa kwenye magari na kupelekwa vijijini wakalime. Naisoma sheria ile na kuitazama filamu ile kama vitu viwili vya msimu mmoja. Marekani ya Ronald Reagan ilikuwa na ukosefu wa ajira uliopita asilimia 10 mwishoni mwa 1982. Tanzania ya Mwalimu ilikuwa na maduka ya RTC yasiyo na sabuni. Nchi moja iliuapia ubepari, nyingine ujamaa, na kote kuwili mtu asiye na kazi anayetembea barabarani alionekana ni mhalifu.

Kuna la pili, na hili ndilo linalonikera zaidi. Rambo ni askari aliyerudi. Mwaka 1982 sisi pia tulikuwa na askari waliorudi.

Jeshi la Idi Amin lilivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Aprili 11, 1979 wanajeshi wetu waliingia Kampala, na mwanzoni mwa Juni walikuwa mpakani mwa Sudan. Maelfu kwa maelfu ya waliokwenda hawakuwa wanajeshi wa kudumu. Walikuwa mgambo, wakulima waliofundishwa upesi, na wengi walirudi kwenye majembe yao. Walirudi kwenye nchi iliyofilisika. Tulipataje kusimulia kurudi kwao? Tazama majina ya vitabu vilivyotoka haraka: Kuzama kwa Idi Amin cha Baldwin Mzirai, 1980, Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada wa Henry Muhanika, 1981. Anazama, anaanguka. Ni vitabu vyenye thamani, na mshindi ana haki ya kushangilia. Lakini tulimsimulia aliyeanguka, siyo aliyerudi nyumbani. Mashujaa waliozikwa wana mnara Kaboya. Waliobaki hai walipewa asante.

Marekani walifanya kinyume cha mambo hayo, na kwa shida. Mwezi mmoja baada ya First Blood kuingia sinema, Novemba 1982, ulizinduliwa Washington ukuta mweusi wa mawe uliochorwa na Maya Lin, aliyeshinda shindano la kuubuni akiwa bado mwanafunzi. Una majina zaidi ya 57,000 ya waliokufa, bila sanamu ya jenerali juu ya farasi, bila neno "ushindi". Watu wengine waliuchukia, wakasema ni aibu. Reagan mwenyewe alikuwa ameshawaambia maveterani huko Chicago mwaka 1980 kwamba Vietnam ilikuwa vita ya haki. Nchi ilikuwa inavutana: iomboleze au ijisafishe?

Filamu ya pili ikatoa jibu. Rambo yuleyule anatolewa gerezani, anarudishwa Vietnam, na kabla ya kwenda anauliza kama safari hii wataruhusiwa kushinda. Wanashinda. Machozi ya 1982 yakakaushwa kwa moto wa 1985. Mwaka huohuo, mateka wa Marekani walipoachiwa Beirut, Reagan akijaribu kipaza sauti alitania kwamba ametazama Rambo jana yake na sasa anajua la kufanya siku nyingine. Kwa hiyo yule mtafsiri wetu wa Mkula, alipopaza sauti kwamba Rambo atawarudia wote, alifanya kwa sentensi moja kazi ileile iliyowachukua Hollywood miaka mitatu. Ninamsamehe upesi kuliko ninavyowasamehe wao. Yeye alikuwa anaokoa kiingilio cha shilingi mia.

Staringi hafi, tulisema. Kumbe katika riwaya ya David Morrell ya mwaka 1972, iliyozaa filamu hiyo, Rambo anakufa, na Trautman ndiye anayempiga risasi. Hata watengenezaji wa filamu walipiga picha mwisho ambao anakufa. Watazamaji wa majaribio hawakuupenda, ukatupwa. Banda la Mkula na ukumbi wa Marekani vilikubaliana kwa asilimia mia.

Si kwamba filamu za banda hazina pa kuingilia. Paul Richards, katika kitabu chake cha 1996 kuhusu vita vya Sierra Leone, anaeleza jinsi vijana wa kule walivyoiona First Blood kama habari ya kijana aliyefukuzwa mjini na wakubwa wenye mji wao. Walisikia kile kilichofunikwa kwetu na makofi. Walichokwenda kufanya na msituni ni habari nyingine, ya kutisha.

Lakini Usukuma kuna ugumu wa ziada ambao mhakiki wa New York hawezi kuuona. Filamu inatutaka tukae upande wa Rambo, nasi bandani tulikaa huko bila kufikiri. Je, kijiji chetu kingekaa wapi? Mwaka huohuo wa 1982, kuanzia pande za Kahama, sungusungu walikuwa wanaenea kijiji kwa kijiji. Baada ya vita bunduki zilikuwa zimezagaa, ng'ombe wanaibwa kwa risasi, polisi hawafiki au wakifika wanachelewa. Wananchi wakajipanga chini ya watemi wao wa sungusungu, kwa pinde, mishale na mwano, na wizi ukapungua kweli. Mwalimu akawatetea. Ni moja ya mambo makubwa ambayo wakulima wa Kisukuma na Kinyamwezi wameyabuni wenyewe, na sitaki kulifanya dogo. Lakini pia walifukuzwa wageni wasioeleweka, na vikongwe walioitwa wachawi, na wengine waliuawa. Kundi la raia wenye silaha linalomsaka mtu mmoja milimani, likifurahia msako, ndiyo nusu nzima ya First Blood. Mgeni asiye na ng'ombe, asiye na ukoo pale kijijini, nywele ndefu na kisu kiunoni, akipita Mkula usiku wa 1982? Mwano ungepigwa.

Hapo ndipo filamu hii, ambayo kwa ufundi si kubwa sana (Stallone anaongea kama mwenye uji mdomoni, na msako katikati unarefushwa mno), inakuwa kazi ya maana kwangu kuliko nyingi zilizopewa tuzo miaka ile. Haimpi mtazamaji wa kijijini mahali pasafi pa kukaa. Mkuu wa polisi si mtu mbaya kwa hulka. Anaulinda mji wake kama tunavyoulinda wetu, kwa kumtazama mtu miguu na koti na kuamua.

Mtaani kwetu kuna mzee anayelinda maduka usiku. Ana tochi, rungu na koti zito la zamani. Alikuwa mgambo, alivuka Mutukula, akafika Lira. Nilimsalimia kwa Kisukuma kama inavyopasa, nikakaa naye kwenye benchi, nikamwomba anisimulie.

"Baba, huko Uganda ilikuwaje?"

"Tulitembea," akasema. Nikasubiri mizinga, nikasubiri Kampala. "Tulitembea sana, mwanangu. Miguu ndiyo ilipigana."

Nikamwonyesha kwenye simu dakika ishirini za mwanzo, bila mtafsiri. Nilimweleza pale tu alipouliza. Hakusema lolote Rambo alipoambiwa mwenzake amekufa, ila alinirudishia simu, akasafisha kioo kwa pindo la koti, akaichukua tena. Walipofika kwenye gari la polisi akauliza yule mkubwa amesema nini. Nikamwambia: amemwambia chakula kiko maili thelathini mbele.

Akapiga hesabu kimyakimya.

"Hiyo ni kilomita karibu hamsini," akasema. "Kwa mguu, na mzigo. Unalala njiani."