Shanga Inayokubali Kupasuka

Waturuki wengi husema kwamba shanga ya buluu ikipasuka yenyewe, imelipokea jicho la hasidi kwa niaba ya mtoto au nyumba iliyokuwa ikiilinda. Basi huondolewa, ikatundikwa nyingine. Imani hiyo imesimama juu ya kioo. Ndiyo maana zile za plastiki zilizojaa masokoni siku hizi, hata zikiwa na rangi zile zile, si hirizi tena: plastiki haipasuki kama kioo, kwa hiyo haina namna ya kusema kwamba imepokea chochote.

Hofu ya jicho ni ya kale. Plutarch, Mgiriki wa karne ya kwanza, alishajadili namna linavyoweza kudhuru. Lakini shanga tunayoijua leo ni kazi ya mafundi wa vijiji vya Görece na Nazarköy, karibu na Izmir. Kijiji hiki cha pili kiliacha hata jina lake la Kurudere kwa ajili ya kazi hii. Mbele ya tanuri la kuni za misonobari, fundi huzungusha kioo cha buluu kilichoyeyuka kwenye fimbo ya chuma, hukibana kiwe bapa, kisha hudondoshea cheupe, buluu hafifu, na katikati mboni nyeusi. Kila tone lina wakati wake, na mkono ndio unaoujua. Baada ya hapo shanga hupozwa polepole, kwa kuwa kioo kilichopozwa kwa pupa hupasuka.

Hapo mwenye sayansi atadakia: kumbe ufa unatokana na joto, si husuda! Ni kweli, na fundi anayajua hayo kuliko sisi. Ndiyo sababu hana haraka. Masheikh nao hukataza kutundika hirizi, wakitufundisha kumkimbilia Mungu kama Surat al-Falaq inavyoelekeza. Sibishani nao. Ninachokitetea ni ufundi, nao hauhitaji mtu aamini shanga ili auheshimu. Atakayesema ya bei rahisi yatosha, kwa kuwa ni pambo tu, anasahau kwamba pambo hilo lilizaliwa tanurini, na kila la mashine linalonunuliwa linampunguzia fundi sababu ya kuwasha moto kesho.

Tangu 2018 jicho hilo limo hata katika emoji za simu. Anayelipenda na anunue la kioo, na kabla ya kulipa aulize limetengenezwa na nani.