Mnanasi wa Kiwangwa na Zamu ya Usiku

Ukishika barabara ya Bagamoyo kwenda Msata wakati wa kaskazi, nyasi za pembezoni zimeshakauka, lakini minanasi ya Kiwangwa bado imesimama wima. Wengi husema mnanasi hauna haja ya maji. Unayo, tena sana. Tofauti yake ni saa inayochagua kufungua milango.

Kila jani lina vitundu vidogo mno, stomata, na kila kitundu kinalindwa na seli mbili. Seli hizo zikiingiza potasiamu, maji huifuata, zinavimba, zinapinda na kitundu kinafunguka. Zikipoteza maji hulegea na kukiziba. Hapo ndipo penye mtihani: tundu linaloingiza hewa ukaa ya kutengenezea sukari ndilo hilohilo linalotoa mvuke. Mpunga wa bonde la Ruvu hufungua mchana, jua likiwaka, na kwa kila gramu moja ya hewa ukaa hupoteza takribani gramu 400 hadi 500 za maji. Muwa wa Makurunge una mtambo wa ndani unaoirundika hewa ukaa panapohitajika, kwa hiyo unaweza kubana vitundu vyake: gramu 250 hadi 300. Hata mchu wa Kaole, mkoko ambao bahari huufuata miguuni, hubana matumizi, maana maji ya chumvi ni magumu kuvuta.

Mnanasi hutumia gramu 50 hadi 100 tu.

Siri ni usiku. Giza likiingia, hewa ikipoa na kupata unyevu, mnanasi hufungua stomata na kuvuta hewa ukaa. Bila mwanga hauwezi kuigeuza sukari, basi huifunga ndani ya asidi ya maliki na kuihifadhi katika vakuoli, ghala la seli, mpaka alfajiri. Mwaka 1813 mtaalamu wa mimea Benjamin Heyne, aliyefanya kazi India, alieleza alichogundua kwa kutafuna tu: kwamba majani ya mmea mwingine wenye tabia hii huwa machachu asubuhi na hupoteza ladha kadiri mchana unavyosonga. Uchachu ule ulikuwa ni mavuno ya usiku. Jua likipanda, stomata hufungwa, asidi huvunjwa, hewa ukaa huachiwa ndani ya jani lililofungwa, na hapo mwanga hukamilisha kazi. Sehemu ya sukari hiyo hubakizwa, kwa sababu ndiyo malighafi ya asidi ya usiku unaofuata.

Umbo la jani nalo limeunga mkono mpango huo. Upande wa chini kuna magamba meupe yanayofunika stomata. Upande wa juu kuna tabaka la kutunzia maji. Na mpangilio wa majani huelekeza umande shinani.

Lakini uchumi huu wa maji hulipiwa kwa muda. Ghala likijaa, hewa ukaa haiingii tena hata usiku ukiwa mrefu, ndiyo maana mkulima husubiri mwaka na zaidi kuona tunda. Naona hapa ndipo tunapowapotosha wakulima tunapowaambia zao hili linajitegemea kwa maji. Udongo ukiwa na unyevu, mnanasi hufungua tena stomata jioni, asidi ya jana ikishakwisha, ukaongeza chakula juu ya kile cha usiku. Udongo ukikauka kabisa, nyongeza hiyo hupotea, na ukame ukizidi hata mlango wa usiku hubanwa. Kwa hiyo matandazo ya nyasi shambani wakati wa kaskazi yana faida ya kweli.

Na kuna la mavuno. Nanasi halina akiba ya wanga ya kugeuza sukari baada ya kukatwa. Utamu wote hutoka majanini tunda likiwa bado mmeani. Likikatwa changa, ganda linaweza kugeuka manjano likiwa kwenye meza ya muuzaji Dar es Salaam, ila sukari haiongezeki. Anayewahi soko kwa wiki chache anauza tunda ambalo majani hayajamaliza kulilisha.