Presha, Miwani na Mapenzi

Katika filamu ya Something's Gotta Give, ya mwaka 2003, kuna usiku ambao mwanamume na mwanamke wanafika pale ambapo filamu nyingine ingezima taa na kuwaacha. Wako chumbani, wameshabusiana, nguo zimeanza kutoka. Ghafla wanakumbuka presha. Mwanamume huyu ametoka kupata mshtuko wa moyo juzi juzi tu. Basi kipimo kinaletwa, mkanda unafungwa mkononi, na wote wawili wanakaa kitandani wakisubiri namba. Namba zinatoka nzuri. Wanaendelea.

Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara nacheka, kisha natulia kidogo. Nancy Meyers, aliyeiandika filamu na kuiongoza, angeweza kuwafanyia watu hawa dhihaka. Diane Keaton alikuwa na miaka 57, Jack Nicholson 66, na sinema imezoea kuona mapenzi ya umri huo kuwa kichekesho chenyewe. Meyers anakataa. Kile kipimo hakiwakatizi raha. Kinaingia mle mle ndani ya raha. Mwanamke anayekupima presha kabla hajakulalia kifuani anataka uamke kesho. Kubembelezana gani kunakozidi huko?

Harry, anayechezwa na Nicholson, amejijengea sifa ya kutoka na wasichana wadogo tu, na kwenye nyumba ya ufukweni ambamo hayo yanatokea alikuja akiwa mgeni wa binti mmoja. Erica, anayechezwa na Keaton, mama wa binti huyo na mwandishi wa michezo ya jukwaani, huvaa sweta la shingo ndefu hata wakati wa joto. Hatusomewi hotuba kwa nini anajifunika. Tunaliona sweta, na usiku ule tunaona mkasi ukilipasua kutoka chini hadi juu, na tunaelewa kila kitu. Baadaye miwani zao za kusomea zinachanganyika, kila mmoja anajikuta ana ya mwenzake. Ufundi wa filamu za aina hii umejificha katika vitu vya namna hiyo, vitu vya kwenye droo na juu ya meza ya kando ya kitanda.

Mwandishi wa vichekesho vya mapenzi ya vijana anakipata kizuizi chake nje: baba mkali, tajiri anayemtaka msichana huyo huyo, ndege inayokaribia kuruka. Akishakiondoa, harusi inafungwa na watazamaji wanarudi nyumbani. Watu wa miaka hamsini harusi wameshaifunga, na pengine wameshaivunja. Hawana baba wa kumtoroka. Wanachokiogopa wanakijua kwa jina, kwa sababu wameshaishi nacho: namna ya kukoroma, ya kununa, ya kukaa kimya mezani. Kwa hiyo mwandishi hana njia ya mkato. Inambidi aandike tabia, na tabia ni ngumu kuandika kuliko ajali.

Sijui aliyelifanya hilo vizuri zaidi ya Nicole Holofcener katika Enough Said, ya mwaka 2013. Eva, anayechezwa na Julia Louis-Dreyfus, anaishi Los Angeles, ameachika, na kazi yake ni kukanda watu mwili, akipandisha meza yake ngazi za nyumba za wateja. Binti yake anakaribia kuondoka kwenda chuo. Kwenye sherehe moja anakutana na watu wawili: Albert, mtunza kumbukumbu za vipindi vya zamani vya televisheni, mnene, mpole, mwenye utani wa taratibu, na Marianne, mshairi, anayekuwa mteja wake. Marianne hachoki kumsema mume aliyeachana naye. Malalamiko yenyewe madogo madogo. Mojawapo ni jinsi yule bwana anavyovikwepa vitunguu kwenye parachichi lililopondwa, na ndilo linalomfumbua macho Eva: mume anayesemwa ni Albert.

Angesema siku hiyo hiyo, filamu ingeishia hapo. Hasemi. Anaendelea kwenda kwa Marianne na kumchimba, ili azijue kasoro za mpenzi wake mapema, asije akaumia tena. Ni hila, na ni hila ninayoielewa kabisa. Aliyewahi kuachika anatamani onyo kabla ya kuingia.

Kisha kinakuja chakula cha jioni nyumbani kwa rafiki zake. Eva amekunywa kidogo, anaanza utani kuhusu Albert, unene wake, anavyokula, hadi kusema atamnunulia kitabu cha kuhesabu kalori. Mwanzoni mezani wanacheka. Holofcener haharakishi. Anamrudia Albert tena na tena, na kila mara uso umepungua kitu. James Gandolfini, anayemcheza Albert, ambaye kuanzia 1999 hadi 2007 dunia ilimzoea kwenye televisheni kama jambazi Tony Soprano, mtu wa kupasua meza, hapa hainui hata sauti. Anajikunja ndani ya mwili ule mkubwa. Walipokwisha kuondoka anauliza kwa nini anahisi jioni nzima alikuwa na mtalaka wake. Hajui kwamba amegonga ukweli wenyewe, na sisi tunaojua tunatamani kufumba macho. Gandolfini alifariki Juni 2013, filamu ikatoka Septemba, na huzuni yetu isituzuie kuona kazi iliyofanyika pale: amechekesha na kuumia ndani ya sahani moja ya chakula.

Mwaka huo huo ilitoka The Lunchbox ya Ritesh Batra, kutoka Mumbai, ambamo chakula kilichopikwa na mke kwa ajili ya mumewe kinafikishwa kwa makosa kwa mtu mwingine, na mapenzi yanaanzia hapo. Sisi wa pwani, ambao filamu za Kihindi zilitufundisha mapenzi ni vijana kukimbizana bustanini, tulihitaji kumwona Irrfan Khan akiwa mtu huyo, mgane anayekaribia kustaafu, akinusa bafu lake na kugundua kwamba harufu ya babu aliyoikumbuka ni yake mwenyewe. Yule mke mpishi ni kijana, na filamu ina huzuni kuliko kicheko, lakini mkono ni ule ule: bakuli la chakula, harufu, kiti anachopishwa kwenye treni.

Nasubiri waandishi wetu waushike mkono huo, maana mali ghafi tunayo tele. Posa ikija kwa mama mjane wa miaka hamsini na mitano, nani anaipokea? Kijana wake wa kwanza, ambaye juzi tu alikuwa akipeleka ya kwake, sasa amekaa sebuleni amekunja uso kama mzee wa ukoo, anamhoji mwanamume anayemzidi miaka thelathini kama ataweza kumtunza. Mabinti wamebanana mlangoni, mmoja anataka, mwingine hataki. Mama yuko uani anakuna nazi ambayo ilishaisha zamani. Hilo liandikwe kwa Kiswahili cha nyumbani, lichezwe na waigizaji wa umri huo huo, na wasiwe vijana waliopakwa mvi za unga.